Plagi Inaingia, Dramu Haisikiki

Kijana anayepiga dramu katika kwaya yetu alifika jioni moja na mfuko wa shangazi kaja begani. Ndani mlikuwa na pedi saba za mpira, pedali mbili na fungu la nyaya zilizosokotana. Zilikuwa dramu za kielektroniki za mtumba, na alizipata kwa bei nzuri kwa sababu ubongo wake, lile boksi lenye vitufe na skrini ambamo pedi zote huchomekwa, ulikuwa umeungua.

“Kaka,” akaniambia, “si una intafesi ya sauti? Tuchomeke humo tu, kompyuta itamalizia.”

Hoja yake ilikuwa na mantiki. Waya wa pedi una plagi ya milimita 6.35, ileile ya gitaa, na intafesi yangu, kile kisanduku cha kuingiza na kutoa sauti kwenye kompyuta, ina matundu mawili ya plagi hiyo. Tukachomeka pedi ya sneya, ile dramu ndogo yenye mlio mkali. Ikaingia, ikabana vizuri. Akapiga. Kwenye hedifoni tukasikia “tk” kavu, kama mtu anayegonga meza kwa ukucha chumba cha pili.

Nimeona wengi wakikwama palepale, wanaoanza na hata wenye studio zao. Kinachowachanganya ni umbo la plagi. Plagi hii ni kama chupa ya soda iliyokwisha kunywewa: nyumba hii wameweka asali, nyumba ya pili mafuta ya taa, na kwa mbali chupa ni ileile. Katika dramu za kielektroniki, plagi ya milimita 6.35 yaweza kubeba mshtuko mbichi wa umeme unaotoka kwenye pedi, au sauti kamili iliyokwisha kutengenezwa na ubongo. Halafu kuna kitu cha tatu, ujumbe wa namba, ambao hupita kwenye waya wa USB au ule waya mnene wa pini tano. Ukijua waya ulioushika unapitisha kipi kati ya hivyo vitatu, mengine yote yananyooka.

Ili aone kwa macho, tulifungua pedi moja. Chini ya mpira kuna bamba la chuma, na chini ya bamba, katikati kabisa, kimebandikwa kisahani cha shaba ya njano chenye upana wa sarafu, na juu ya kisahani kuna duara jeupe la kauri. Nyaya mbili nyembamba, nyekundu na nyeusi, zimeshikizwa kwa lehemu. Basi. Hakuna betri, hakuna chipu, hakuna spika. Kisahani hicho kinaitwa piezo, na ni ndugu wa kile kinacholia ndani ya saa za mezani zenye alamu. Mwaka 1880 ndugu wawili Wafaransa, Jacques na Pierre Curie, walionyesha kwamba fuwele za aina fulani zikibanwa hutoa umeme. Fimbo inapotua juu ya mpira, bamba hupinda kidogo sana, kauri nayo hupinda pamoja nalo, na umeme huruka kwenye zile nyaya mbili.

Nikamwonyesha pigo lake kwenye skrini, nimelikuza. Mstari umelala kimya, ghafla unasimama mwiba mmoja mrefu kama wa nungunungu, kisha vitetemo vidogo vinafuatana vikififia, na kabla hujapepesa jicho umekwisha. Hakuna tumbo la sneya humo, wala zile nyuzi za chuma zinazochakarika chini yake. Pedi haitoi sauti ya dramu. Inatoa habari mbili: nimepigwa, na nimepigwa kwa nguvu kiasi hiki.

Intafesi kwa upande wake haijui habari ni nini. Kazi yake ni kupima umeme unaoingia mara 44,100 au 48,000 kila sekunde, kuandika vipimo hivyo kama namba, na kuvipeleka kwenye kompyuta. Ikiletewa sauti ya mwimbaji itaandika sauti ya mwimbaji. Ikiletewa mwiba wa nungunungu itaandika mwiba wa nungunungu, kwa uaminifu kabisa. Ile “tk” tuliyoisikia haikuwa kosa la intafesi wala la waya. Ndiyo sauti halisi ya piezo iliyogongwa.

Kinachokosekana katikati ni mfasiri, na kazi hiyo ndiyo iliyokuwa ya ubongo ulioungua. Inafaa kuielewa vizuri, kwa sababu hata ukinunua ubongo mpya, matatizo mengi utakayokutana nayo yanatoka hapa. Mfasiri anakaa akiutazama umeme wa kila pedi. Ukiwa chini ya kiwango fulani, kiitwacho kizingiti, anaupuuza, maana huenda ni mtikisiko wa sakafu tu. Ukivuka kizingiti, hawezi kutoa jibu papo hapo, kwa sababu mwiba ndio kwanza unapanda na yeye bado hajui utafika wapi. Anasubiri kidogo, milisekunde 2 hivi, auone upeo wake. Upeo huo ndio nguvu ya pigo. Kisha anaziba masikio kwa muda mfupi, ili vile vitetemo vinavyofifia asivihesabu kama mapigo mapya. Akiyafungua mapema mno, pigo moja linakuwa mawili. Akichelewa kuyafungua, mapigo ya haraka ya mpiga dramu hodari yanamezwa.

Baada ya hapo anatuma ujumbe wa MIDI, lugha ambayo vyombo vya muziki vimekuwa vikizungumza tangu 1983, na ambayo Dave Smith wa Marekani na Ikutaro Kakehashi wa Japani walipewa Grammy ya kiufundi kwa ajili yake mwaka 2013. Ujumbe wenyewe ni namba tatu tu. Mathalani 153, 38, 100. Ya kwanza inasema “noti imepigwa, chaneli ya 10”, ambayo kwa desturi ni chaneli ya dramu. Ya pili inasema ni chombo gani: 38 ni sneya, 36 ni kiki, ile dramu kubwa ya mguuni, 42 ni haihati, yale matoazi mawili yanayofunguliwa na kufungwa kwa mguu, ikiwa imefungwa, 46 ikiwa wazi, 49 toazi la kishindo, 51 toazi la kupigia mwendo. Ya tatu ni nguvu ya pigo, na mwisho wake ni 127. Kwenye waya wa pini tano zinapita biti 31,250 kwa sekunde, hivyo ujumbe mzima unafika chini kidogo ya milisekunde 1. Programu ya dramu ndani ya kompyuta ikipokea 38 na 100, inachukua rekodi ya sneya halisi iliyopigwa kwa nguvu karibu na hiyo na kuicheza. Hapo ndipo dramu inaposikika.

Kwa hiyo swali la kijana lilikuwa hili: je, kompyuta inaweza kuwa mfasiri yenyewe? Jibu ni ndiyo, kwa shida. Zipo plagini, yaani programu ndogo zinazofanya kazi ndani ya programu ya kurekodi, zinazoisikiliza njia ya sauti, zinazotafuta miiba na kutoa MIDI. Programu ya kurekodi ya Reaper inakuja na plagini ndogo ya kazi hiyo. Tulijaribu, na sneya ikalia kama sneya, kijana akacheka hadi akaweka fimbo chini. Lakini njia hii ina masharti, na ni vizuri uyajue kabla hujaitegemea.

Kwanza, chomeka kwenye tundu la ala, lile lililoandikwa Inst au Hi-Z ambalo watu huwekea gitaa. Piezo ni dhaifu, haiwezi kusukuma mzigo. Tundu la ala lina ukinzani wa karibu megaomu 1 na piezo inapumua humo. Tundu la maikrofoni lina kiloomu chache tu, likiunganishwa na piezo linanyonya sehemu yote ya chini ya pigo na kukuachia kijisehemu chembamba cha juu. Geini, yaani kile kirungu cha kukuza umeme unaoingia, ianze chini kabisa. Kwa nguvu umeme huo ni mdogo, lakini kwa volti ni mrefu: fimbo ikishuka vizuri, piezo isiyo na mzigo inaweza kuruka zaidi ya volti 10, na miiba ikikatwa vichwa kwenye intafesi, pigo la wastani na pigo la hasira yataonekana sawa kwa mfasiri. Panda polepole hadi pigo kali kuliko yote likaribie taa nyekundu bila kuigusa.

Pili, tazama plagi yenyewe ina mikanda mingapi myeusi. Pedi yenye sehemu mbili, yaani ngozi na ukingo, hutumia plagi yenye mikanda miwili: ncha inabeba ngozi, pete inabeba ukingo. Sasa tundu la laini la intafesi, lile la kupokea sauti kutoka vifaa vingine, nalo linapokea plagi ya mikanda miwili, lakini kwa maana nyingine kabisa. Lenyewe linadhani ni sauti moja iliyogawanywa mara mbili, ya pili ikiwa imegeuzwa, na kazi yake ni kutoa moja kutoka kwa nyingine ili kelele zilizoingia njiani zife. Pedi ya sehemu mbili ikiingizwa humo, ngozi na ukingo vinatolewa kimoja kwa kingine. Nimewahi kupoteza mchana mzima nikitafuta kwa nini sneya inapoteza nguvu kila inapopigwa karibu na ukingo, na jibu lilikuwa hilo tu. Dawa yake ni waya wenye umbo la Y unaozitenga ncha na pete kwenda matundu mawili. Au tumia waya wa kawaida wa gitaa wenye mkanda mmoja, ukubali kubaki na ngozi peke yake.

Tatu, hesabu. Intafesi nyingi za nyumbani zina matundu mawili. Kijana alikuwa na pedi saba. Intafesi yenye matundu manane utaipata, lakini angalia bei yake kwanza, kwa sababu ukiongeza kidogo tu unafika kwenye ubongo wa dramu.

Na kuna ukuta ambao njia hii haiuvuki hata uwe na matundu mia. Pedali ya haihati haina piezo. Ndani yake kuna kizuizi cha umeme kinachobadilika kadiri mguu unavyoshuka, na chenyewe hakizalishi umeme wowote. Kinasubiri kuletewa ili kiupunguze. Tundu la sauti halileti umeme wa namna hiyo, na hata lingeuleta, intafesi imetengenezwa kusikia mitetemo, haisikii umeme uliotulia. Mguu ulioganda nusu njia kwake ni ukimya. Swichi zilizo kwenye kingo za baadhi ya pedi na matoazi, zile za kulizima toazi kwa kulishika kwa vidole, ziko vilevile. Mpiga dramu asiye na haihati inayofunguka na kufunga ananyimwa nusu ya kusema kwake, na mimi siwezi kumshauri mtu apange kundi lake zima la dramu kwa njia hii. Pedi moja au mbili, kiki na sneya za kuongezea wimbo, sawa.

Njia ya ubongo ni rahisi zaidi kuliko inavyofikiriwa. Pedi zinaingia kwenye ubongo. Kutoka kwenye ubongo unatoka waya mmoja wa USB hadi kwenye kompyuta, au waya wa pini tano hadi kwenye tundu la MIDI la intafesi kama inalo. Vipo pia visanduku vidogo visivyo na sauti yoyote ndani, kazi yao ni kufasiri tu, na kwa mtu atakayetumia sauti za kompyuta vinatosha kabisa. Hapa watu huuliza: sasa intafesi ya nini, ikiwa waya umeipita pembeni? Kazi yake ni mlango wa kutokea. Ujumbe unaingia kwa USB, programu inatengeneza sauti, na intafesi inaipeleka kwenye hedifoni yako haraka. Neno muhimu hapo ni haraka.

Mpiga kinanda anaweza kuvumilia kuchelewa, mpiga dramu hawezi, kwa sababu mkono wake unajua fimbo ilitua lini. Sauti hewani husafiri mita 343 hivi kwa sekunde, kwa maneno mengine mita 1 kila milisekunde 3. Kuchelewa milisekunde 10 ni kama kuisikia sneya iliyo mita tatu na zaidi mbele yako. Milisekunde 30, sneya iko upande wa pili wa ukumbi na wewe unaipiga kwa fimbo ndefu.

Kuchelewa kwingi kunatokana na bafa. Bafa ni kama daladala isiyoondoka kituoni mpaka ijae. Abiria ni sampuli, yaani vile vipimo 48,000 vya kila sekunde. Daladala ya viti 1,024 inajaa kwa milisekunde 21, na abiria wa kwanza kupanda amesubiri muda wote huo. Ya viti 128 inaondoka baada ya milisekunde 2.7, ya viti 64 baada ya 1.3. Mbona basi tusitumie ndogo daima? Kwa sababu daladala ndogo zinahitaji safari nyingi, na kompyuta ndiye dereva. Akichoka, gari moja likakosa kufika kwa wakati, unasikia mipasuko kwenye sauti. Mimi huanza na 128, nikisikia mipasuko napanda hadi 256, na ninapomaliza kurekodi na kuanza kuchanganya sauti naweka 1,024 bila wasiwasi. Kumbuka pia kwamba ukitumia ile njia ya kwanza, ya kuchomeka pedi kwenye intafesi, abiria wanapanda daladala mara mbili, kuingia na kutoka. Ukitumia MIDI ni mara moja tu.

Kwenye Windows kuna jambo moja la kufanya kabla ya yote: ndani ya programu yako chagua draiva ya ASIO, programu ya kuiunganisha intafesi na kompyuta, iliyokuja na intafesi. ASIO ilitengenezwa na Steinberg ili sauti isipite kwenye foleni ndefu ya Windows. Nimekutana na watu walionunua intafesi nzuri, wakaichomeka, na programu ikaendelea kutumia kadi ya sauti ya ndani ya kompyuta mpakato wiki nzima. Wanalalamika dramu zinachelewa na intafesi imewaka taa bila kazi. Kwenye Mac foleni hiyo haipo, Core Audio, mfumo wake wa sauti wa ndani, inatosha.

Ukishaunganisha, huenda ukapiga tomu, moja ya zile dramu za mviringo zisizo na nyuzi, ikalia kengele. Usiogope, ni kamusi mbili tofauti. Namba za msingi zinafanana kwa wote, lakini za kingo na haihati kila mtengenezaji ana zake. Ubongo wa Roland, kwa mfano, hutuma 22 na 26 kwa ukingo wa haihati na 40 kwa ukingo wa sneya. Programu nyingi za dramu zina orodha ya bongo zinazojulikana, chagua wako na namba zitajipanga. Na ukisikia kila pigo mara mbili, karibu pamoja lakini si pamoja, ubongo wako unalia kwa sauti yake na kompyuta kwa yake. Zima sauti ya ubongo.

Njia ya tatu ni kutoa sauti ya ubongo wenyewe, kushoto na kulia, kuingia matundu mawili ya laini. Hapo plagi imebeba sauti kamili na intafesi iko nyumbani kwake. Haina la kuelezea sana, ila mvumo. Ukisikia “mmmm” ya chini isiyokoma, ichomoe chaja ya kompyuta. Mvumo ukikatika, ni umeme wa ukutani wa hezi 50 unaozunguka kati ya vifaa kupitia nyaya zako, na kisanduku cha DI, kile kinachowekwa katikati ya nyaya za sauti, chenye transfoma kitauzuia. Ule waya wa pini tano hauna ugonjwa huu: kwenye mlango wa kupokea kuna kitaa kidogo na jicho linalokitazama, ujumbe unavuka kwa mwanga, na vifaa viwili havigusani kwa umeme. Waliobuni hilo walifikiri mbali. Nikiwa na nafasi narekodi njia zote mbili pamoja, sauti ya ubongo na MIDI, kwa sababu MIDI inaniruhusu kubadilisha sneya nzima kesho yake bila kumwita mpigaji tena.

Kijana hakuwa na fedha ya ubongo. Tulichofanya ni kununua bodi ya Arduino, kikompyuta kidogo unachokiandikia programu mwenyewe, aina ya Leonardo, kwa sababu chipu yake inaweza kujitambulisha kwa kompyuta kama kifaa cha MIDI moja kwa moja; Uno ya kawaida haiwezi hivyo. Kila piezo tuliiwekea kizuizi cha megaomu 1 sambamba nayo ili umeme ushuke haraka baada ya pigo, na dayodi ya zena ya volti 5.1 ili mwiba mrefu usiue bodi. Pedali ya haihati nayo ikapata ilichokuwa ikikisubiri, volti 5 kutoka kwenye bodi, na kwa mara ya kwanza ikazungumza. Bodi inasoma kila pedi kwa kipimo cha 0 hadi 1,023, na kanuni za programu ni zilezile za mfasiri: kizingiti, subiri upeo, ziba masikio.

Jaribio la mwisho lilichukua muda mrefu kuliko kazi yote ya lehemu. Pedi zote zimefungwa kwenye fremu moja ya chuma, na akipiga kiki kwa nguvu, mtikisiko ulipanda kwenye fremu na tomu ya chini ikalia yenyewe, taratibu, kwa nguvu ya MIDI ya 9 au 12. Nilimwambia apige kiki tu, asiguse kingine, mimi nikaangalia namba za tomu kwenye skrini na kupandisha kizingiti chake hatua kwa hatua. Kwenye 60, kwa kile kipimo cha hadi 1,023, bado ililia. Kwenye 75 ililia mara moja katika mapigo kumi. Kwenye 90 ikanyamaza. Kisha nikamwomba aiguse tomu kwa wepesi awezavyo, kwa uzito wa fimbo peke yake, nione kama kizingiti hakijalimeza pigo dogo. Ikatoka nguvu ya MIDI ya 14. Tukakiacha hapo, tukahamia toazi.